Waliokosa Somo Ndio Waliofaulu

Adventina alifika shuleni Jumatatu asubuhi akakuta watoto wake wamesimamishwa uwanjani, juani, mikono kichwani. Walikuwa watoto wa darasa la tatu, sabini na mmoja kwa hesabu, wengi wao wa miaka minane na tisa. Hakuna aliyekuwa analia. Mtoto anayelia bado ana tumaini kwamba kuna mtu atamsikia. Hawa walikuwa wamenyamaza kama mbuzi waliofungwa sokoni, na hilo ndilo lililomshtua zaidi.

"Wamefanya nini?" aliuliza.

Direkteri Kastori, mkuu wa shule, alikuwa chini ya paa la bati, kivulini, karatasi mkononi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa Butihinda hapohapo, mpole, mwenye kusaidia misibani, ila aliogopa barua yenye muhuri kuliko radi.

"Madamu Adventina, ingia mu bureau," alisema. "Hii kitu iko grave, iko nzito sana."

"Nitaingia wakishusha mikono."

"Madamu, tafadhali."

"Mikono kwanza, Direkteri. Halafu waende kivulini. Halafu mimi nitaingia."

Kastori akatazama karatasi yake, kana kwamba imeandikwa humo kama anaruhusiwa. Mwishowe akawapungia watoto. Waliteremsha mikono taratibu, wakikunja na kukunjua vidole, na mmoja akakaa chini palepale alipokuwa amesimama.

Ndani ya ofisi Kastori akamweleza. Mwaka huo shule chache za mashambani zilichaguliwa kufanya mtihani mmoja wa mwisho wa mwaka, uliotungwa na tume huko Gitega. Karatasi zilikuja zimefungwa, zikarudi zimefungwa, zikasahihishiwa hukohuko. Sasa majibu yamekuja, pamoja na barua. Katika somo la mazingira, ambalo ndilo sayansi ya watoto wadogo, swali la tisa liliuliza: mbegu ya haragwe haiwezi kuota bila kitu gani? Majibu ya kuchagua yalikuwa manne: maji, udongo, mwanga wa jua, vyote vitatu. Jibu la tume lilikuwa vyote vitatu.

"Shule zote wamejibu vyote vitatu," Kastori alisema. "Hata wale wenye hawajui kusoma wamebahatisha. Darasa yako tu. Watoto sitini na sita wamejibu maji. Sitini na sita, Madamu! Jibu moja, na ni jibu ya uongo. Gitega wanasema haiwezekani bila mtu kuwasomea. Wanasema umewasomea, na umewasomea vibaya."

Adventina aliisoma barua mara mbili. Ilisema udanganyifu wa wazi. Ilisema alama zote za somo hilo zimefutwa kwa darasa zima. Ilisema mwalimu apewe onyo la maandishi, na uchunguzi ufanywe shuleni kujua aliyewapa watoto jibu. Huko kusimamishwa juani ndiko kulikuwa uchunguzi wenyewe.

"Lakini maji ndiyo jibu," alisema.

"Madamu."

"Direkteri, wewe ni mtoto wa mkulima. Haragwe linaota bila udongo. Linaota bila jua. Bila maji haliwezi. Hujawahi kuliona?"

Kastori alivuta kiti akaketi, akajifuta shingo kwa kitambaa. "Nimewauliza watoto mmoja mmoja," alisema kwa sauti ya chini. "Ule mdogo, Lucia, mtoto wa Josefina, nimemuuliza: nani alikuambia maji? Akasema: hakuna aliyeniambia, niliona. Nikamuuliza tena. Akasema: niliona. Mara tatu. Nikafikiri ni kiburi, nikamrudisha kwenye jua."

Adventina alisimama. Aliogopa kwamba akibaki amekaa mbele ya mtu yule atasema neno ambalo halirudi.

Tukitaka kujua kwa nini mwanamke huyu alikasirika kiasi kile, inafaa tujue alikotoka. Baba yake aliondoka Bugendana mwaka wa sabini na mbili akiwa mgongoni mwa mama yake. Adventina mwenyewe alizaliwa Tanzania, katika makazi ya wakimbizi, akasoma shule ya Tanzania kwa Kiswahili hadi kidato cha pili, na alikuwa wa kwanza darasani. Waliporudi nyumbani, mwaka ambao malori yalileta watu kwa maelfu, alikuwa na miaka kumi na sita. Shuleni wakatazama vyeti vyake wakasema hajui Kifaransa, na Kirundi chake kina lafudhi ya ng'ambo. Wakamrudisha darasa la tano. Akakaa na watoto wa miaka kumi na moja, magoti yakigonga dawati, akijifunza upya kwa lugha ya tatu kwamba maji huchemka na chuma hushika kutu. Mambo aliyokuwa akiyajua alipewa sifuri, kwa sababu aliyasema kwa lugha isiyotakiwa.

Hakuacha. Alimaliza, akasomea ualimu, akaolewa Butihinda na Gervasi, mrejeaji kama yeye, na akapewa darasa ambalo hakuna aliyelitaka, chumba cha mwisho chenye madirisha yasiyo na vioo. Huko ndiko alikojiapiza jambo moja: mtoto hatapewa sifuri na yeye kwa kitu anachokijua.

Kitabu cha mazingira kilikuwa na picha ya mmea wenye mishale: mzizi, shina, jani, ua. Walimu wengi waliuchora mmea ule ubaoni, watoto wakaunakili, wakaukariri, somo likaisha. Nje ya dirisha, hatua kumi kutoka ubaoni, shamba la maharagwe la jirani lilikuwa limechanua. Adventina aliona ni aibu. Kwa hiyo alikuwa akiwatoa nje. Walipima vivuli vyao asubuhi na saa sita. Walihesabu miguu ya buibui na ya siafu, wakabishana kwa nini mmoja ana minane na mwingine sita. Wazazi wengine walinung'unika kwamba mwalimu huyu wa Tanzania anachezesha watoto. Kisha watoto wakaanza kurudi nyumbani na maswali, na manung'uniko yakapungua.

Somo la mbegu lilikuwa la wiki moja, katikati ya masika. Kila mtoto alileta punje nne kutoka chungu cha mama yake. Punje ya kwanza iliwekwa katika udongo mkavu dirishani, juani. Ya pili katika udongo wenye maji. Ya tatu katika kitambaa kilichoroweshwa, dirishani. Ya nne ilifungwa katika kitambaa chenye maji, ikatiwa ndani ya kopo la nyanya, kopo likafunikwa na kufichwa katika chumba cha majembe, ambamo hata mchana mkono hauonekani.

"Ile ya kwenye kopo itafanya nini?" aliwauliza.

"Itaoza!" walipiga kelele wote.

"Tutaona."

Siku ya nne makopo yalifunguliwa. Watoto walisukumana hadi meza ikakaribia kupinduka. Ile ya udongo mkavu ilikuwa vilevile, ngumu kama jiwe. Ile ya kopo ilikuwa imepasuka ganda na kutoa kijimzizi cheupe, kimepinda kama kidole cha mtoto mchanga. Lucia, ambaye kwa kawaida husikii sauti yake hadi umwinamie, alipiga ukelele: "Mwalimu, imetoa mguu! Imetoa mguu gizani!"

Na Adventina hakuishia hapo, maana hakutaka wajue nusu ya jambo. Baadhi ya makopo aliyarudisha gizani. Baada ya siku nyingine kadhaa watoto wakaona miche ile imerefuka, imekuwa ya manjano, inalegea na kuanguka, wakati ile ya dirishani imesimama na majani ya kijani. Basi wakasema wenyewe, bila kuambiwa: kuota ni jambo moja, kukua ni jambo jingine. Ili iote inataka maji. Ili ikue, inataka na jua. Waliandika hivyo madaftarini kwa miandiko yao mibovu, na wengine wakachora kopo.

Wiki ile kulikuwa na malaria nyingi kilimani. Watoto watano hawakuonekana darasani tangu Jumatatu hadi Ijumaa, na waliporudi walinakili tu ukurasa wa kitabu. Adventina hakulifikiria tena jambo hilo.

Alilifikiria Jumatatu ile, akiwa amesimama mlangoni pa ofisi ya Kastori.

"Umesema sitini na sita walijibu maji," alisema. "Darasa lina sabini na mmoja. Hao watano wengine walijibu nini?"

Kastori akapekua. "Vyote vitatu. Hao walipata."

"Nisomee majina."

Akamsomea. Na katika kila jina, Adventina aliona kitanda cha mgonjwa. Ndio walewale. Watoto watano ambao hawakuwepo kwenye somo ndio pekee waliopata alama ya swali la somo hilo.

"Lete daftari la mahudhurio," alisema.

Kastori alipoyalinganisha majina, kidole chake kilisimama kwenye mstari wa tano, kikakaa hapo. "Kama ningewasomea jibu siku ya mtihani," Adventina alisema polepole, kama anamfundisha mtoto, "hawa watano walikuwa chumbani pia. Wangesikia kama wenzao. Hawakusikia kwa sababu hakuna aliyesema. Wenzao waliona mwezi wa nne, hawa walikuwa na homa."

"Mi naelewa," Kastori alisema. "Mi naelewa, Madamu. Lakini barua imekuja. Tia sahihi kwamba umepokea onyo, watoto warudie mwaka, mambo iishe. Ukibishana na Gitega watakuhamisha, na mi pamoja na we."

"Warudie mwaka? Kwa kusema kweli?"

Bila alama za mazingira, watoto thelathini na mmoja walikuwa wameanguka. Habari zilishuka kilimani siku ileile. Jioni Josefina, mama yake Lucia, alimkuta Adventina njiani kutoka kisimani, akatua dumu lake.

"Mwalimu, baba yake amesema akirudia basi imekwisha. Ataenda Gasorwe kwa bibi yake, kulea mtoto wa shangazi. Anasema hawezi kununua daftari za darasa moja mara mbili." Akaongeza kwa mshangao wa kweli: "Lakini hebu niambie. Mwaka jana paa lilivuja, gunia langu la mbegu likalowa chini ya kitanda. Maharagwe yaliota humo humo ndani, chini ya kitanda, gizani. Kilima kizima kilikuja kucheka. Sasa hao wa Gitega wao wanakula nini?"

Adventina hakucheka. Usiku mmoja tu alifikiri, na asubuhi akatia punje kumi na mbili katika vitambaa vya maji, akazifunga katika makopo mawili. Siku ya tatu, na daftari la mahudhurio ndani ya mkoba, alipanda barabarani kutafuta gari. Daftari lile Kastori alikuwa ameliacha juu ya meza, akatoka nje, akasema kwa sauti kuelekea ukutani kwamba anaenda kutazama choo na atachelewa.

Magari yalikuwa machache. Mafuta yalikuwa hayapatikani wiki ya tatu hiyo. Aliyemchukua ni Donatienne, Mkongomani wa Kivu ya Kusini aliyekuwa akiuza vitenge na dagaa kati ya soko la Muyinga na la Gitega, na ambaye daima alijua ni lori gani lina mafuta na dereva wake anaitwa nani. Wakabanana mbele, makopo juu ya mapaja ya Adventina.

"Mwalimu, we unabeba nini hivi, unashika kama yai?"

"Maharagwe."

"Maharagi? Unapeleka maharagi ku Gitega? Kule hakuna?"

Adventina akamweleza yote, na alivyoeleza sauti yake ikapanda mpaka dereva akageuka kutazama. Donatienne alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema: "Sikia, mama. Mi niko mukimbizi, nimebishana na watu wa bureau tangu Uvira. Usilie mbele yao. Na usiseme pardon. Ukisema pardon mara moja, wataandika umekubali kosa."

Kabla ya kuachana, katika stendi ya Gitega, alimpa chupa ya maji. "Ya maharagi," alisema, "si ya kwako."

Siku ya kwanza katika ofisi ya tume aliambiwa mkubwa yuko mkutanoni. Alikaa kwenye benchi la ukumbini tangu saa mbili hadi walipofunga, akalala kwa mwanamke wa kanisa lao, akarudi. Siku ya pili aliambiwa mkubwa ametoka. Kila baada ya saa mbili alifungua makopo chini ya kitenge chake, yasipate mwanga, akadondoshea vitambaa maji, na watu waliopita wakamkwepa kama mtu mwenye wazimu. Alasiri mwenyekiti wa tume ya mtihani, Anatoli, mwanamume wa miaka hamsini na kitu mwenye miwani mizuri, alitoka kwenda zake. Adventina akasimama kati yake na mlango.

"Mimi ndiye mwalimu wa Butihinda," alisema. "Wa maji."

Anatoli akaangalia saa. "Dakika tano."

Alipoweka kopo mezani, Anatoli alisogeza mafaili yake. "Ondoa uchafu hiyo kwa table yangu, tafadhali."

"Si uchafu. Ni swali lenu la tisa."

Akafungua. Punje zilikuwa zimepasuka, mizizi myeupe imeshikana na kitambaa, na shingo mbili tatu zilikuwa zimeanza kuinuka. Harufu ya unyevunyevu ilitoka, harufu ya shamba baada ya mvua, ndani ya chumba kile chenye sakafu ya vigae.

"Tangu zitiwe humu hazijaona jua," Adventina alisema. "Udongo hazijagusa. Nitajie kilichoziotesha."

"Madamu." Anatoli alivua miwani. "Mi ni mwalimu tangu we hujazaliwa. Kila mtu anajua mmea unahitaji udongo, maji na mwanga. Iko ndani ya kitabu."

"Mmea unahitaji ili ukue. Nami nimewafundisha hivyo. Madaftari yao ninayo. Lakini swali lenu, kwa Kirundi chenu wenyewe, halikusema *gukura*. Lilisema *kumera*. Kukua na kuota ni maneno mawili. Mtoto wa miaka minane ameona tofauti. Tume nzima haikuiona?"

"Corrigé ni corrigé, ndiyo majibu ya tume. Imepitishwa. Shule zote zimejibu."

"Shule zote zimekariri. Hakuna mtoto hata mmoja aliyeambiwa aweke haragwe kwenye kitambaa. Mnasema hiyo ni sayansi? Hiyo ni kusali rozari, Mheshimiwa, tena kwa kukosea maneno!"

Katibu aliyekuwa mlangoni alikohoa. Anatoli alikuwa amegeuka rangi. "Chunga mdomo. Nyinyi mliotoka Tanzania mnafikiri…"

"Sisi tuliotoka Tanzania tumelima kule na tumelima hapa, na haragwe linaota namna moja pande zote mbili." Hapo aliukumbuka ushauri wa Donatienne, akashusha sauti. Alifungua mkoba akalaza daftari la mahudhurio juu ya meza. "Basi tuache maharagwe. Mmeandika kwamba niliwasomea watoto jibu. Hilo ni jina langu. Chukua karatasi zenu, tafuta watoto watano waliojibu vyote vitatu. Kisha tazama hapa wiki hii, ni nani hakuwepo."

Labda Anatoli alitaka tu amalizane naye. Alimtuma katibu alete bunda la Butihinda. Wakasoma jina kwa jina, mzee yule akiweka kidole kwenye karatasi na Adventina akiweka chake kwenye daftari. La kwanza likalingana. La pili likalingana. Kufika la nne Anatoli alikuwa haangalii tena saa. Alipomaliza la tano alitazama kopo, na kwa mara ya kwanza akainama akalinusa, kama mtu aliyelelewa shambani, maana bila shaka naye alilelewa huko.

"Swali hii niliitunga mi mwenyewe," alisema.

Adventina alilifunga daftari la mahudhurio.

"Sasa unataka nini? Niandike kwamba commission nzima haijui maharagi?"

"Ndiyo," alisema Adventina. "Andika hivyohivyo."

Hakuandika hivyo. Barua ilifika Butihinda wiki tatu baadaye, fupi, yenye muhuri. Ilisema swali la tisa limeondolewa kutokana na kosa la uchapaji. Alama za shule zote zihesabiwe upya bila swali hilo. Shauri la udanganyifu katika shule husika limefungwa. Aya ya mwisho iliwakumbusha walimu wafuate kitabu.

Kosa la uchapaji! Adventina aliisoma barua mbele ya Kastori, akaisoma tena, akaigonga kwa kidole. "Mashine ya kuchapa ndiyo iliyokosea? Mashine ndiyo iliyowasimamisha watoto juani?"

Kastori aliangalia mikono yake. Jumapili baada ya ibada, wazazi walipokusanywa kusikia habari, aliisoma barua ile kwa sauti, akaikunja, na badala ya kuketi akabaki amesimama. Akasema yeye hana cha kusema juu ya uchapaji. Ila kuna jambo alilolifanya kwa amri yake mwenyewe, na watoto wako hapa. Akawatazama wale waliokaa mbele chini, akawaambia kwa Kirundi wamsamehe. Wanaume wengine walitazamana. Si kawaida mkubwa kuomba radhi kwa watoto. Lucia hakuwepo kumsikia. Alikuwa ameshapelekwa Gasorwe.

Kwa hiyo Jumatatu Adventina alikwenda Gasorwe kwa miguu, na nakala ya barua kifuani. Alimkuta Lucia nyuma ya nyumba ya bibi yake, mtoto mchanga mgongoni, akichambua mboga. Bibi alisema mtoto wa kike ameshajua kusoma jina lake, inatosha. Adventina alikaa naye hadi alasiri. Hakumwambia habari za haki wala za sheria. Alimwomba mbegu zake, wakazitazama pamoja, wakazungumza zipi huoza na kwa nini, hadi Lucia akaingilia kati akaeleza habari ya kopo, mwanzo hadi mwisho, kwa sauti ambayo bibi yake hakuwahi kuisikia. Yule bibi alimtazama mjukuu wake kama mgeni. "Haya," alisema mwishowe, "mchukue. Lakini nitamtaka likizo."

Watoto ishirini na sita kati ya wale thelathini na mmoja walipanda darasa la nne. Wanne hawakutosha hata kwa hesabu mpya, na huo ulikuwa mtihani wa haki, Adventina hakuugombania. Wa thelathini na moja alikuwa mvulana aitwaye Fredi, ambaye alikuwa amefaulu. Jina lake liliitwa siku ya kwanza ya muhula, halikuitikiwa. Baba yake, aliposikia mwanawe ameanguka, alimchukua wakavuka Tanzania kutafuta vibarua mashambani, kabla barua ya pili haijafika. Hakuna aliyejua wilaya gani.

Fomu ya kupokea barua ile ilikuwa na mahali pa sahihi ya mwalimu: nimeisoma na kuikubali. Kastori alimletea darasani, na kalamu.

"Nimeisoma," Adventina alisema. Akakata neno *kuikubali* kwa mstari mmoja, na pembeni akaandika: *Hakuna kosa la uchapaji. Swali lilikuwa na kosa, na watoto sitini na sita walikuwa sahihi. Naomba waandikiwe hivyo. Pia naomba mniambie nani atamtafuta Fredi.* Ndipo akatia sahihi.

Kastori aliisoma, midomo ikitembea. "Watakasirika, Madamu."

"Nao wajaribu kukasirika," alisema, akampa karatasi yake, na akarudi ubaoni.